Maswali ya Wasomaji: Pembe Zilizoko Ghalani

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Mimi ni mkulima wa korosho na mahindi wilayani Liwale. Tembo wanatuharibia mashamba kila msimu, na huku tunasikia kwamba serikali imejaza ghala kwa pembe za tembo waliokufa wenyewe na zile zilizokamatwa mikononi mwa majangili. Tembo hao wamekwisha kufa, nasi shule zetu hazina madawati. Kwa nini pembe hizo zisiuzwe kihalali, fedha zikarudi vijijini?
— Msomaji, Liwale

JIBU: Swali lako ni la haki, ndugu msomaji, na serikali yenyewe iliwahi kufikiri hivyo hivyo. Mwaka 2010, katika mkutano uliofanyika Doha wa nchi wanachama wa CITES, yaani mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, Tanzania iliomba ruhusa ya kuuza karibu tani 90 za pembe, ikakataliwa. Wapo waliosema kwamba tumeonewa. Lakini sensa ya mwaka 2009 ilikuwa imekadiria tembo wapatao 109,000 nchini, na ile ya mwaka 2014 ikakuta 43,000 na ushee. Huko Selous, ambako ndiko jirani kwenu, walikadiriwa kuwa 13,000 tu mwaka 2013, ilhali mwaka 1976 walikuwa zaidi ya 100,000. Ombi la kuuza lilipelekwa Doha wakati mauaji hayo yakiendelea.

Ugumu wa kuuza pembe halali ni kwamba pembe haramu hupita mgongoni mwake. Pembe inayotunzwa ghalani kwa utaratibu wa CITES huandikwa kwa wino usiofutika herufi mbili za nchi ilikotoka, mwaka, namba yake na uzito wake. Alama hiyo ina maana maadamu pembe ni nzima. Ikishakatwa vipande na kuchongwa mihuri, bangili au vijiti vya kulia chakula, hakuna ofisa wa forodha awezaye kutambua kwa macho kama kipande alichoshika kilitoka ghalani au kwa tembo aliyeuawa mwaka jana. China ilijaribu kuliziba pengo hilo. Ilipouziwa pembe mwaka 2008 pamoja na Japani, zaidi ya tani 100 kwa jumla kutoka Botswana, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini, kila kitu kilichochongwa kihalali kilitakiwa kiuzwe pamoja na kadi yake yenye picha. Wakaguzi wa mashirika ya uhifadhi walikuta wauza duka wakiibakiza kadi mteja anapoondoka, ili waitumie tena kuuzia kinyago kingine kinachofanana na kile cha kwanza.

Wala hayo hayakuwa mapya. Kabla ya CITES kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe mwaka 1989, kulikuwa na biashara ya vibali, na Burundi, ambayo kwa hakika haikuwa na makundi ya tembo ya kuhesabika, ilikuwa ikisafirisha maelfu ya pembe za tembo waliouawa kwa majirani zake. Mwaka 1986 ziliandikishwa huko karibu tani 90 kuwa mali halali, kwa kalamu na muhuri.

Wapo wachumi wanaokataa kwamba mauzo ya 2008 ndiyo yaliyochochea ujangili uliofuata, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwa kuwa China ya miaka hiyo ilikuwa inatajirika, na matajiri wapya hupenda vitu vya fahari. Kwangu mimi lina uzito zaidi lililotokea soko lilipoanza kufungwa. Kilo moja ya pembe ghafi, ambayo wafanyabiashara wa China walikuwa wakiinunua kwa takriban dola 2,100 mwaka 2014, ilishuka hadi dola 730 hivi mwanzoni mwa 2017, wakati serikali ya nchi hiyo ikijiandaa kufunga viwanda na maduka yake yote ya pembe, jambo lililokamilika mwishoni mwa mwaka huo. Huku kwetu nako kulikuwa na kazi ya kuwasaka wenye mitaji badala ya kuridhika na kijana aliyekamatwa porini na gobore. Novemba 2013 zilikutwa pembe 706 katika nyumba moja Mikocheni, Dar es Salaam. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu kifungo cha miaka 15 Yang Fenglan, mfanyabiashara aliyekuja nchini miaka ya 1970 kama mkalimani wa Kiswahili katika mradi wa reli ya TAZARA, na ambaye magazeti yalimwita Malkia wa Pembe za Ndovu.

Kuhusu mashamba yenu, madai hayo yasisubiri mnada wa pembe ambao huenda usifanyike kamwe. Sheria inakupa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi pale mtu anapojeruhiwa au kuuawa. Malipo ni madogo na huchelewa mno, na hapo ndipo ningependa mbunge wenu abanwe.

SWALI: Kifaru hukatwa pembe na akaendelea kuishi. Kwa nini tembo wasifanyiwe hivyo ili majangili wakose cha kufuata?
— Msomaji, Iringa

JIBU: Pembe ya kifaru ni kama ukucha, hukatwa na kuota tena. Ya tembo ni jino. Karibu theluthi yake imezama ndani ya fuvu, na ndani yake mna uwazi wenye nyama laini, damu na neva, kwa hiyo sehemu hiyo haiwezi kuguswa bila kumtesa mnyama. Jangili huitaka yote, ndiyo sababu humuua tembo kwanza kisha akamchanja uso kwa shoka. Ukikata kipande cha nje peke yake, kinachobaki bado kina thamani ya kutosha kumvuta, na tembo atakuwa amepoteza chombo cha kuchimbia maji na kubandulia magome. Tena kila mmoja angepaswa kupigwa sindano ya usingizi, katika mapori yenye ukubwa wa Selous.

Ujangili wenyewe umekwisha kufanya jambo linalokaribia hilo. Katika hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1977 hadi 1992 vilifyeka zaidi ya asilimia 90 ya tembo, na majike waliozaliwa bila pembe, ambao hawakuwa na faida kwa wawindaji, ndio waliobaki kwa wingi. Kabla ya vita walikuwa chini ya mmoja katika kila watano. Baadaye wakafikia nusu. Wanasayansi waliochapisha utafiti wao mwaka 2021 wanaona kwamba kinasaba kinachohusika huua watoto wa kiume wakiwa bado tumboni, na hii ndiyo sababu dume asiye na pembe ni nadra kuonekana.

SWALI: Marehemu bibi aliniachia bangili mbili za pembe, za tangu zamani. Ninahamia Muscat kwa mume wangu. Je, naweza kusafiri nazo?
— Msomaji, Mombasa

JIBU: Usisafiri nazo, dada, wala usizivae kwenda uwanja wa ndege. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 huhesabu kuwa nyara sehemu ya mnyama iliyochongwa na isiyochongwa, na kumiliki nyara bila kibali ni kosa, hata kama uliirithi. Kuvuka nayo mpaka kunahitaji vibali vya CITES, na Oman nayo ni mwanachama. Zungumza na wakili kwanza, kisha mwende pamoja katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mkaeleze zilivyokufikia. Kama ipo picha ya zamani ya marehemu akiwa amezivaa, ichukueni. Haichukui nafasi ya kibali, lakini itasaidia kuthibitisha maelezo yako. Na asije sonara yeyote akakushawishi umwuzie kimyakimya, kwa kuwa hilo ni kosa jingine kabisa.