Kausha Kwanza, Ndipo Ufungue Kompyuta: Kupanga Chakula cha Ng'ombe wa Maziwa

Ninafuga ng'ombe watatu wa maziwa huko Kabare, karibu na Bukavu, mashariki mwa Kongo, na huu ni mwaka wa nne tangu nianze kupanga chakula chao kwa kompyuta. Wafugaji wenzangu hunijia wakiomba programu. Ninawapa kwa moyo mmoja, maana LibreOffice Calc hailipiwi, na ndani yake mna kifaa kiitwacho Solver ambacho hutafuta mchanganyiko wa bei ndogo unaotimiza mahitaji ya ng'ombe. Hata hivyo ninawasihi waanze kwa kununua mizani.

Sababu ya kusisitiza hivyo niliijua kwa hasara. Mara ya kwanza niliandika kwamba machicha ya bia, yale tunayoyaita dreshi, yana protini asilimia 25, bila kuzingatia kwamba kiwango hicho ni cha machicha makavu. Programu ikanipa kilo 5, nami nikampimia ng'ombe wangu bora kilo 5 za dreshi mbichi, ikichuruzika maji kutoka guniani. Baada ya wiki mbili maziwa yalikuwa yameshuka kutoka lita 9 hadi 6 kwa siku, na mifupa ya nyonga ilikuwa imeanza kuonekana. Ndipo nilipochukua gramu 200 za dreshi ile ile, nikazitandaza katika sufuria juu ya mbabula yenye makaa machache, nikawa ninazigeuza kwa mwiko polepole zisiungue na kuzipima tena na tena, mpaka uzito ulipoacha kupungua. Zilibaki gramu 48. Katika zile kilo 5 nilizokuwa nikimpa, chakula chenyewe kilikuwa kilo moja na robo tu pungufu kidogo.

Tangu siku hiyo kila kitu ninakiandika kwa uzito mkavu, hata bei. Ng'ombe wa kilo 400 hula takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, na akitoa lita 10 za maziwa huhitaji humo protini ya asilimia 13 hivi, yaani gramu 1,560. Mabingobingo, yaani majani ya tembo, yaliyokatwa yakiwa bado laini, yenye protini asilimia 8, yakimpa kilo 9 kavu, ambazo ni kama kilo 50 za majani mabichi, huleta gramu 720. Zilizobaki ndizo zinazotafutwa katika dreshi, mashudu ya soya, pumba au majani ya kaliandra, mti mdogo wa malisho. Mabingobingo yakikomaa na kuwa na mashina magumu protini hushuka, kwa hiyo usinakili namba za msimu uliopita.

Jambo jingine ni mipaka. Solver hutazama bei na namba ulizoiandikia, na haijui kwamba ng'ombe ni mnyama anayecheua, ambaye tumbo lake linahitaji majani. Usipoweka kiwango cha chini cha majani, itakujazia dreshi na pumba mpaka mafuta ya maziwa yapungue na kinyesi kiwe cha majimaji. Mimi nimeiagiza kwamba majani yasipungue asilimia 60 ya uzito mkavu. Urea, ile ya mbolea ambayo katika chakula cha ng'ombe huhesabiwa kama protini, nimeiandikia sifuri: kwa bei yake programu itaipenda mno, lakini ikichanganywa vibaya huua ng'ombe kwa muda mfupi, na mfugaji mdogo anayechanganya kwa koleo hana hakika ya kuisambaza sawasawa. Kalsiamu nayo iwe angalau mara moja na nusu ya fosforasi, kwa kuwa pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Pengo hilo ninalijaza kwa chokaa ya mifugo.

Barabara ikifungwa na bei ya mashudu ikapanda, ninaandika bei mpya na kupiga hesabu upya jioni hiyo hiyo. Mgawo mpya, hata hivyo, ninauingiza kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14, na kila asubuhi ninaandika lita za kila ng'ombe katika jedwali lile lile, safu ya mwisho, kando ya kilo alizokula jana.