Maswali na majibu: Kwotabeki na karatasi ya dakika 12

Safu iliyopita niligusia mtihani wa akili waliokuwa wakifanyishwa vijana wanaotaka kuingia NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, na maswali yakaja kwa wingi. Nimeyafupisha.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huo: kwotabeki ndiye anayeupokea mpira shambulizi linapoanza, na ndiye anayeamua amrushie nani, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe. Hakuna anayelipwa kama yeye, na timu ikifungwa hakuna anayesemwa kama yeye.

Huo mtihani ukoje? Wanaulizwa mambo ya mpira? (Msomaji wa Morogoro)

Hata swali moja la mpira halimo. Unaitwa Wonderlic, jina la Eldon Wonderlic, Mmarekani aliyeutunga miaka ya 1930 ili waajiri wapime waombaji kazi. Maswali 50, dakika 12, yaani sekunde 14 na kidogo kwa kila swali. Kuna maana za maneno, hesabu za mafumbo, mfululizo wa namba, maumbo. Mfano wa kutunga mwenyewe: daftari 3 zinauzwa shilingi 4,500, daftari 7 ni bei gani? Ukiwa umekaa na chai yako ni jambo dogo. Likiwa la 31 na saa inakimbia, hapo ndipo watu wanapotoka jasho.

Mtu wa kawaida hupata karibu 20, alama ambayo hulinganishwa na IQ ya 100, yaani akili ya wastani. Dallas Cowboys chini ya kocha Tom Landry walikuwa kati ya waliouingiza kwenye mpira miaka ya 1970, na baadaye ukawa sehemu ya kambi ya majaribio inayofanyika Indianapolis kabla ya klabu kuteua wachezaji wapya.

Tutajie majina. Nani alipata ngapi, na aliishia wapi? (Msomaji wa Minneapolis)

Alama hizi zilipaswa kuwa siri. Zote tunazozijua zilivuja, kwa hiyo zichukue kama zilivyoripotiwa.

Dan Marino aliripotiwa kupata 15 au 16, chini ya mtu wa kawaida. Mwaka 1984, msimu wake wa pili tu, alirusha yadi 5,084 na tachidauni 48 (tachidauni ni mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa wapinzani, ndilo goli lao), namba ambazo hakuna kwotabeki aliyekuwa amezifikia kabla yake. Terry Bradshaw naye alikuwa huko huko kwenye 15, na ana ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi, mara 4. Jim Kelly vilevile, na aliipeleka klabu ya Buffalo kwenye fainali hiyo mara 4 mfululizo. (Zote walifungwa, lakini hilo si la kuulaumu mtihani.)

Upande wa juu yuko Ryan Fitzpatrick, aliyesoma Chuo Kikuu cha Harvard, 48 kati ya 50. Alicheza misimu 17 katika klabu 9, jambo la heshima kabisa, ila hakuwahi kuingia uwanjani katika mechi hata moja ya mtoano. Blaine Gabbert alipata 42, Jacksonville wakamchukua mapema mwaka 2011, na baada ya misimu 3 wakaachana naye.

Usikimbilie kusema basi wenye alama ndogo ndio bora. Peyton Manning aliripotiwa 28, Tom Brady 33, Aaron Rodgers 35, Eli Manning 39, na wote wana pete ya ubingwa. Ukiyapanga majina haya kwa alama, kisha ukayapanga kwa mafanikio, utapata orodha mbili zisizofahamiana.

Majina ni hadithi tu. Wataalamu wamepima wakaona nini? (Msomaji wa Nairobi)

Umenibana vizuri, maana kila anayebishana juu ya jambo hili huchomoa jina linalomfaa.

Brian Lyons na wenzake walichapisha mwaka 2009 utafiti wa wachezaji 762 walioteuliwa katika miaka mitatu. Uhusiano kati ya alama na kiwango cha mchezaji uwanjani ulikuwa karibu na sifuri. Katika nafasi chache, mabeki wa nyuma wakiwemo, waliopata alama ndogo ndio waliocheza vizuri kidogo kuliko wenzao. Miaka miwili baadaye wanauchumi David Berri na Rob Simmons waliwachambua makwotabeki peke yao. Wakaona kwamba mambo yaliyozifanya klabu zimchukue kijana mapema, urefu, mbio na alama za Wonderlic, hayakusaidia kubashiri angecheza vipi baadaye. Mtihani ulikuwa unaamua nani apewe nafasi na fedha kuliko ulivyokuwa unajua nani atafaa, na mimi naona hilo ni baya kuliko mtihani usiofanya kazi kabisa.

Lakini kuna jambo wachambuzi wengi hulipita. Kazini kwingine, vipimo vya akili vya jumla vimeonekana kubashiri utendaji kwa kiasi fulani, ingawa wataalamu bado wanavutana ni kiasi gani. Mbona kwenye mpira vigome? Sababu mojawapo ni kwamba anayefika Indianapolis ameshapita sekondari, ameshapita chuo, na huko nyuma maelfu waliokuwa wazito wa kushika mbinu walishaachwa. Ukishachekecha unga mara tatu, usitarajie chekecho lile lile likutolee pumba zaidi. Kwa hiyo utafiti huu haukuthibitisha kwamba akili haina kazi kwa kwotabeki. Ulichoonyesha ni kwamba kati ya wale wachache waliobaki, karatasi hii haimtengi atakayeng'ara na atakayefifia.

Basi kwa nini makocha husisitiza kwotabeki awe na akili? (Msomaji wa Mombasa)

Kwa sababu anaihitaji kweli. Kocha humsemesha kupitia redio iliyomo ndani ya kofia yake, ruhusa iliyoanza mwaka 1994, na redio hukatika saa ya kuanzisha mchezo ikibakiwa na sekunde 15. Kuanzia hapo yuko peke yake. Anawapangia wenzake, anasoma mabeki wamesimamaje, anajiuliza ni yupi anayejifanya anakaba huku anataka kumvamia. Mpira ukishafika mkononi ana sekunde mbili, tatu akibahatika, na mbele yake wapo wanaume wa kilo 130 wanaomtaka yeye.

Akili hiyo ipo, ila nyingi ni kumbukumbu iliyojengwa kwa miaka ya kutazama picha za mechi, pamoja na utulivu mtu anapokaribia kuangushwa. Hesabu ya daftari haifiki huko. Tena mtihani unafanyiwa mazoezi: kwotabeki Vince Young aliripotiwa kupata 6, akarudia akapata 16. Akili yake haikukua mara mbili na zaidi ndani ya siku hizo. Mwaka huo huo wa 2006 alitajwa mchezaji mpya bora wa ushambuliaji.

Nasikia mtihani huu uliwakandamiza weusi. Ni kweli au ni siasa? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Historia yake haina usafi. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu dhidi ya kampuni ya umeme ya Duke Power ya North Carolina, iliyokuwa ikitumia Wonderlic pamoja na kipimo kingine kuamua nani apate kazi za maana. Wafanyakazi weusi ndio waliokuwa wakifungiwa nje, na kampuni haikuweza kuonyesha kwamba vipimo hivyo vilihusiana na kazi yenyewe. Majaji wakasema mwajiri lazima auonyeshe uhusiano huo. NFL iliendelea na karatasi hiyo hiyo miaka 50 zaidi.

Na kwenye nafasi ya kwotabeki palikuwa na dhana nzito kwamba mweusi hawezi kufikiri haraka pale katikati. Warren Moon, kwotabeki mweusi, hakuteuliwa na klabu yoyote mwaka 1978. Akaenda Canada, akatwaa ubingwa mara 5 mfululizo na Edmonton, akarudi, na leo yumo katika Jumba la Mashujaa. Usidhani hayo yaliisha zamani. Mwaka 2018 Bill Polian, meneja wa zamani mwenye jina kubwa, alisema Lamar Jackson, kwotabeki mweusi, ahamishwe awe mpokeaji, yaani wa kudaka mipira badala ya kuirusha. Alama ya Jackson iliyovuja ilikuwa 13. Kwa msimu wa 2019 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote, bila hata moja kupotea, na Polian akakiri hadharani kwamba alikosea. Wakati huo huo 15 ya Marino, ambaye ni mzungu, ilikuwa kichekesho tu cha kusimulia.

Bado wanautumia? (Msomaji wa Kigali)

Kambi ya Indianapolis iliuacha mwaka 2022. Klabu kadhaa zikaegemea S2, kipimo cha kompyuta kinachoangalia kasi ya macho na uamuzi. Mwaka 2023 zikavuja namba zake za makwotabeki wawili: Bryce Young 98 kwa kipimo cha 100, C.J. Stroud 18. Wenye mtihani walitilia shaka namba hizo, lakini zilishasambaa. Young akachukuliwa wa kwanza na Carolina, ikashinda mechi 2 kati ya 17. Stroud, wa pili, akaenda Houston, akarusha yadi 4,108 kwa tachidauni 23, pasi zake 5 tu zikadakwa na wapinzani, na kuifikisha timu kwenye mtoano. Kwa haki ya Young, wachezaji aliowakuta Carolina walikuwa dhaifu mno.

Nafundisha timu ya vijana chini ya miaka 17, soka letu hili. Niwape mtihani wa IQ nimpate kiungo? (Msomaji wa Mwanza)

Hapana, mwalimu. Utampata mtoto aliyesoma shule nzuri. Chukua simu, rekodi mechi zenu, isimamishe picha kabla ya pasi na umuulize kijana mpira uende wapi na kwa nini. Fanya hivyo mara nyingi, kisha angalia kama uwanjani anafanya alichokuambia akiwa amechoka na kuna mtu mgongoni kwake.