Mpwa wangu aje Ufaransa kusoma fizikia? Jibu langu kwa nyumbani

Shikamooni wakubwa zangu. Kila nikipiga simu Tanga mnaniuliza kama natengeneza mabomu, kama mionzi itaniua, na kama mpwa wangu naye asome fizikia aje huku. Najibu bila kuficha.

Mabomu sitengenezi. Nasanifu vigunduzi vya eksirei vya tokamaki, yaani mashine ya kutafuta nishati kwa kuunganisha viini vya atomi: ni chumba cha mviringo kama mpira wa gari, ambamo hidrojeni hupashwa moto mamilioni ya nyuzi mpaka ikawa plazima, yaani gesi ya moto ambayo elektroni zimeachana na atomi zake, ikishikiliwa na sumaku. Mwezi Februari 2025 mashine ya WEST, huku kusini mwa Ufaransa, iliidumisha plazima kwa zaidi ya dakika 22. Sehemu zinazopokea joto kali ni za tungsteni, ambayo haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 3,422. Lakini chembe zake zikipenya hadi katikati ya plazima, hutoa eksirei nyingi na kuipoza. Kigunduzi kinatuonyesha zimejikusanya wapi.

Ndani ya kigunduzi hicho, ninachoshughulika nacho ni utando wa plastiki wa mikroni 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), umepakwa shaba pande zote mbili na kutobolewa matundu yenye upana wa mikroni 70 hivi, sawa na unywele. Eksirei ikigonga gesi ya argoni, elektroni hung'oka, huvutwa na umeme kupitia tundu na kuzaa nyingine nyingi. Vumbi kidogo tu likinasa pale, cheche zinaruka na utando unaharibika. Basi nashinda na hadubini, nimejifunika kichwa mpaka miguu, na kazi hiyo naipenda sana. Kigunduzi cha silikoni kingekuwa rahisi, ila nyutroni, chembe zinazotoka kwenye plazima, hukiharibu.

Mionzi isiwatie hofu. Mashine ikiwashwa, ukumbini habaki mtu.

Kinachonikosesha usingizi ni mkataba. Tunaoanza utafiti tunapewa miaka miwili au mitatu, na kibali cha kukaa kinategemea mkataba huohuo, wakati kifaa kinachukua muda mrefu kuliko hapo. Kimoja nilikisanifu, nikaondoka kabla hakijaiona plazima. Wengine ndio waliosoma vipimo vyake. Iliniuma, na inaniuma bado. Mshahara unalipa kodi ya nyumba na chakula, na kidogo cha kutuma. Wa kujenga ghorofa si huu.

Mpwa wangu akitaka, aje, ila awe na ufadhili mkononi, si ahadi. Aanze Kifaransa sasa, ajifunze kuandika programu na kuunga saketi kwa mikono yake. Matokeo yake ya hisabati nitumieni wiki hii, niyaone mwenyewe.