Mpe Mtoto Pamba Asokote Kwanza

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha PP2, darasa la mwisho la chekechea, huku Eastlands, Nairobi, niliandika ubaoni: pamba, sufu, hariri, katani. Watoto wakayaimba majina hadi wakayakariri. Kisha nikamshika mmoja sweta yake nikamuuliza imetokana na nini. "Na duka," akanijibu. Tangu hapo majina nayaleta mwisho.

Vifaa havina gharama kubwa. Fundi wa mtaani atakupa vipande bure. Ongeza leso kuukuu, kitambaa cha mwavuli uliovunjika, kamba ya katani na pamba ya duka la dawa. Sufu halisi itafute Gikomba, soko la mitumba, na usome lebo, maana sweta nyingi za shule ni akriliki, uzi wa kutengenezwa kiwandani.

Anza na pamba. Kila mtoto apate kibonge cha kujaa kiganja, akivute taratibu: kinaachana bila hata sauti. Sasa avute tena huku akisokota kwa kidole gumba na cha shahada. Uzi huo! Mwambie aukate. Nimewaona wakikunja nyuso, wakivuta kwa mikono miwili, na uzi umekataa. Hapo nyamaza, mwalimu. Msichana mmoja aliusokotoa wake ukaachana, akausokota upya, akasema, "Ticha, zimeshikana mikono." Na kweli: kinyuzi cha pamba ni kifupi, sentimita 2 au 3 hivi, lakini vikisokotwa hubanana na msuguano huvizuia kuteleza. Kama kuna shosho anayesuka viondo, mwalike. Watoto wakimwona akiviringisha katani pajani, wataitambua kazi yao.

Jaribio la maji nalo lilinifunza. Niliwaahidi kwamba leso itakunywa tone na mwavuli utalikataa. Leso ilikuwa mpya. Tone likakaa juu kama shanga. Tukaifua, ikakauka, kesho yake tukadondosha tena, likazama papo hapo. Vitambaa vipya hutiwa wanga na dawa za kiwandani. Siku hizi nabeba leso mbili, mpya na iliyofuliwa, na kila mtoto akisie kabla ya tone kuanguka. Usimsahihishe anayekosea, maji yatamjibu.

Kuchoma nyuzi ili kuzitambua kwa harufu waachie wakubwa. Poliesta, nayo uzi wa kiwandani, huyeyuka na kudondoka, na ikigusa ngozi hung'ang'ania.

Ukimaliza, kila mtoto abandike uzi wake daftarini. Chini yake ndipo aandike: pamba.