Fremu za kanisa na makadirio ya kodi

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mtaalamu. Mimi ni mweka hazina wa usharika hapa Tanzania. Tuna fremu sita za maduka na ukumbi tunaoukodisha kwa harusi. Tumeletewa makadirio ya kodi na Mamlaka ya Mapato (TRA). Wazee wanasema tusilipe, kwa kuwa Serikali haina dini na kanisa limesamehewa. Ni kweli?

JIBU: Amina, ndugu. Wazee wako wameisoma Katiba nusu. Ibara ya 3 kweli inaitaja nchi yetu kuwa isiyokuwa na dini, na Ibara ya 19(2) inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Lakini ibara ndogo hiyo hiyo imeanza kwa kusema haiathiri sheria zinazohusika za Jamhuri ya Muungano, na Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, ni mojawapo. Serikali haiwachagulii mhubiri. Ila fremu ni fremu, iwe ya kanisa, ya msikiti au ya Mangi.

Msamaha upo, kifungu cha 64, lakini hauji kwa kusimika msalaba juu ya paa. Mnaomba uamuzi wa Kamishna wa TRA. Hata mkiupata, ritani, yaani taarifa ya mapato, mnapeleka. Kilichotumika kwa kazi ya kanisa kinaondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, na mnaruhusiwa kubakiza asilimia 25 ya mapato. Ziada iliyolala benki bila mradi ulioidhinishwa inaweza kutozwa.

Hapo ndipo wengi hukwama. Nilishapewa kaunta buku la kanisa moja: zaka, pango la fremu, ahadi za ujenzi na pesa ya ukumbi, vyote safu moja, kwa kalamu moja. Utamthibitishiaje mkaguzi kipi ni sadaka? Tenganisheni vitabu leo, hasa vya ukumbi, maana kukodisha kwa harusi ni biashara. Wapangaji wafanyabiashara nao wanapaswa kukata kodi ya zuio, yaani kodi anayoizuia mlipaji na kuipeleka TRA, ya asilimia 10 ya pango. Waombeni hati zake, maana kiasi hicho kinapunguza deni lenu.

Na mchungaji? Mshahara wake unakatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, kama wa mwalimu. Kwa viwango vya 2024/25, akibakiwa na 420,000 kwa mwezi baada ya mchango wa hifadhi ya jamii, 270,000 za kwanza hazitozwi. Zilizobaki 150,000 zinatozwa asilimia 8, yaani 12,000. Msamaha wa kanisa haumgusi.

Sasa angalia tarehe mliyopokea barua. Mna siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, na mtatakiwa kulipa kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi msichobishania, kile kilicho kikubwa. Wazee waendelee kujadili Katiba, lakini wewe andika pingamizi wiki hii.