Zeze la uzi mmoja ukubwani: usianze na violini

Mkuu mleta mada, umesema ulimwona mzee akipiga zeze la uzi mmoja msibani Igoma, hapa Mwanza, ukarudi nyumbani hulali, na sasa unauliza mambo mawili: miaka 34 si umechelewa, na je, ununue violini kwanza ndipo uhamie huko. Mimi nilianza na 41, kwa hiyo la umri tuliache.

Violini usinunue. Ile ina ubao chini ya nyuzi, unakandamiza uzi hadi ukae kwenye ubao. Hili halina ubao. Kidole kinaugusa uzi ubavuni ukiwa hewani, na sauti inategemea umeugusa wapi na kwa uzito gani. Mkono uliozoea kukandamiza utalia nao mwaka mzima.

Halafu ujue unatafuta zeze lipi, maana jina hili limebeba vyombo vingi. Kuna la fimbo bapa yenye kibuyu, linadonolewa kwa vidole, upinde halina. Kuna la Wagogo lenye upinde, ambalo mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose alizunguka nalo dunia. Ukienda Ukerewe au Bukoba utakuta enanga, nayo ni ya kudonoa. Ulichoeleza wewe, kigogo kidogo kilichochimbwa, ngozi upande mmoja, shingo ya fimbo na upinde mfupi, hiyo ni orutu ya Wajaluo. Na kama ulihisi uliwahi kuisikia mahali, hujakosea: magitaa ya benga, ule muziki wa dansi wa Wajaluo, yalijifunzia kwenye orutu na nyatiti, kinubi chao cha nyuzi nane. Misiani, mwimbaji wa benga wa bendi ya Shirati Jazz, ambaye wengi wanadhani ni Mkenya tu, kazaliwa Shirati, Rorya, huku huku kwetu.

Sasa yangu. La kwanza nililinunua kwenye banda la vinyago, kwa bei ya mgeni wakati mimi ni Msukuma wa Magu. Ngozi ilikuwa imegandishwa kwa gundi, kigingi kinazunguka chenyewe kama feni. Nikalipeleka kwa jaduong' (mzee, kwa Kijaluo) mmoja pale Mabatini, fundi mitumbwi mstaafu, ambaye niliambiwa anapiga. Aliligeuza mara mbili, akanirudishia. "Hili tundika ukutani."

Nikadhani atanipa lake nijaribu. Wapi! Alinipa ongeng'o, ile pete ya chuma, na kichuma cha kuigongea. "Wuoda (mwanangu), gonga." Nikagonga Jumapili baada ya Jumapili, karibu miezi miwili, mtu mzima na kitambi changu, vijana wa mtaani wakinitazama. Niliona kama ananidharau. Kumbe pale kwenye pete ndipo nilipojua mwimbaji anavuta pumzi wapi, orutu inaingia lini kujaza hiyo nafasi, na lini inanyamaza. Kwa sababu orutu haiongozi wimbo, inautamka pamoja na mwimbaji, kisha inamjibu.

Na hapo ndipo pana utamu, na ndipo nilipohangaika zaidi. Kijaluo, kama Kisukuma chetu, ni lugha ya kupandisha na kushusha sauti. Mimi nilikuwa nakariri tuni bila maneno. Siku moja nikapiga kipande ninachokijua vizuri, akina mama waliokuwa wanachambua dagaa pembeni wakaangua kicheko. Kumbe nilipandisha mahali pa kushusha, neno likageuka. Ni neno gani, mpaka leo wamekataa kuniambia. Tangu siku hiyo siugusi uzi kabla sijauimba wimbo kwa mdomo, na kuuliza kila neno maana yake. Hili ndilo jambo kubwa ninalotaka ulibebe, mengine ni ufundi tu.

Ufundi wenyewe: upinde kwanza, vidole baadaye. Wiki za mwanzo vuta uzi mtupu, bila kidole, mpaka sauti iache kukwaruza kama mlango wa choo. Utomvu ni lazima, upinde usiopakwa utomvu unateleza bila kutoa kitu. Mzee wangu ameligandisha donge lake ubavuni mwa orutu, anasugua upinde pale katikati ya nyimbo. Kuhusu uzi, wengine wanachomoa waya mmoja kwenye kebo ya breki ya baiskeli, unalia kwa ukali na unakula vidole. Mimi natumia mshipi wa nailoni kutoka maduka ya zana za uvuvi kule Mwaloni Kirumba, bei ya soda unapata wa miaka.

Ngozi ya zamani ilikuwa ya kenge. Usijitafutie kesi, kenge ni mnyamapori na ngozi yake inataka kibali. Ya mbuzi inatosha, ila masika italegea na sauti itazama. Isogeze karibu na jiko la mkaa dakika chache, usiiache hapo ukaenda kuoga. (Nilienda kuoga.)

Mke wangu alivumilia siku kumi. Sasa nafanyia mazoezi juu ya mawe nyuma ya nyumba, na hapa Mwanza mawe hatujakosa.

Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, nenda pia, hasa Juni wakati wa Bulabo, tamasha lao la ngoma. Usitegemee kukuta orutu ikitamba, pale ni ngoma, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji yenye ushindani, wakigombania watazamaji. Lakini utaona jinsi kundi linavyomshika mtu mmoja asiyejua mpaka ajue, na makumbusho yao yana ala za kutazama kwa ukaribu.

Video za mtandaoni mimi hazikunisaidia. Zinaonyesha vidole, na kazi iko kwenye mkono wa upinde.

Kwa hiyo rudi Igoma kwa familia ile ile, msiba ukishapita, uliza yule mzee anakaa wapi. Usiende na zeze. Nenda na sukari kilo moja, salimia, kaa, na ukipewa cha kugonga, gonga. Ikiwa hakai Mwanza, niandikie kwenye sanduku la ujumbe nikupeleke Mabatini, tunaanza saa kumi jioni Jumapili. Beba kigoda chako, vya pale vina wenyewe.