Binti Yangu Anataka Kuwa Mtafiti wa Bahari

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha tano, anasoma Kemia, Baiolojia na Jiografia, na ameniambia kwamba akifika chuo kikuu atasomea sayansi za bahari. Baba yake anahofia kwamba ni kazi ya kushinda majini, yenye hatari nyingi na isiyo na ajira ya uhakika. Sisi ni watu wa pwani, lakini hatujui siku ya mtafiti wa bahari inakwendaje. Naomba unifafanulie. – Mama wa mwanafunzi, Tanga.

JIBU: Mama, ahsante kwa kuuliza mapema. Nimo ndani ya kazi hii, kwa hiyo nitakueleza ninavyoijua.

Mtafiti wa bahari hutumia saa nyingi zaidi nchi kavu kuliko majini, lakini ratiba yake huifuata bahari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kwa zaidi ya mita 3, na kwenye pwani yetu kupwa huko huangukia takriban saa nne asubuhi na tena saa nne usiku. Hapo ndipo anapopata saa chache za kuhesabu nyasi bahari ndani ya fremu ya mraba au kupima mwani kwenye kamba, hata kama siku hiyo ni Jumapili au sikukuu. Akina mama wa Paje na Jambiani, vijiji vya Unguja ambako kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mwaka 1989, hushuka pwani saa hizo hizo, na mtafiti wa mwani hushuka nao. Dkt. Flower Msuya wa Zanzibar amefanya kazi na wakulima hao kwa miaka mingi, akitafuta namna ya kupanda mwani aina ya kotonii kwenye maji ya kina zaidi, kwa sababu kotonii ndio wenye bei nzuri lakini hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kali.

Sehemu nyingine ya kazi iko diko, yaani pwani vyombo vya uvuvi vinapofunga na kushusha samaki, na kwa maoni yangu hapo ndipo mtafiti anapojulikana kama anafaa. Chombo kikifunga ana dakika chache tu, kwani samaki anayechelewa kufika mnadani hushuka bei, na mvuvi hana sababu ya kupata hasara kwa ajili ya utafiti wa mtu. Humlaza samaki, tuseme tasi, juu ya ubao wa kupimia, mdomo ukigusa kizuizi, husoma urefu hadi ncha ya mkia, humtajia mwenzake namba, kisha humpima uzito. Wakati huohuo humuuliza nahodha walivua wapi, kwa zana gani, walikuwa wangapi na walikaa baharini muda gani. Asipopata majibu hayo, kilo 20 za samaki hazimwelezi kitu: zikiwa zimevuliwa na watu wawili kwa saa 2 ni habari njema, lakini zikiwa ni za watu sita kwa usiku kucha, bahari ile imechoka. Majibu ya kweli hayatolewi kwa mtu mwenye kiburi. Ninyi wa Tanga mnalifahamu hilo kuliko wengi, maana silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliwahi kuamini ametoweka duniani zamani sana, aliletwa pwani na wavuvi kwa majarife yao, yaani nyavu zenye macho makubwa, na kutokana na samaki hao Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilitangazwa mwaka 2009.

Baada ya hapo hufuata siku nyingi za mezani: kuingiza takwimu kwenye kompyuta, kuhesabu kwa hadubini mistari ya vijiwe vya sikioni mwa samaki ili kujua umri wake, kuandika ripoti na kuomba fedha.

Kuhusu fedha, baba yake ana sababu ya kuhofu. Nafasi za kudumu zipo katika taasisi kama TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania), Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, na KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya majirani zetu wa Kenya, lakini ni chache, na vijana wengi huanza kwa mikataba ya miradi ya miaka miwili au mitatu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu samaki wa msimu wa upepo wa kusi si wa msimu wa kaskazi na mwaka mmoja haufanani na mwingine, hivyo mradi ukifungwa mapema kijana hukosa mshahara, na takwimu nazo hukatika kabla hazijaonyesha mwelekeo wowote.

Kuzamia si lazima kwa kila mtafiti. Anayezamia hupewa mafunzo na cheti, haendi peke yake, hukagua kipimo cha hewa mara kwa mara na hupanda juu polepole. Wanawake wanazamia vizuri kama wanaume.

Kwa sasa binti yako asiipuuze Hisabati, hasa takwimu, kwa maana wengi huipenda bahari na kukwama hapo. Ajifunze kuogelea kama bado hajui, na likizo ikifika mpelekeni diko siku kadhaa, asaidie kupima samaki kwa idhini ya viongozi wa wavuvi, naye baba yake afuatane naye ajionee mwenyewe.